Vizibo vya Soda

Tulianza saba, nyuma ya kinu cha Asiligwa,
Majengo ya Vihiga, mwaka ule mahindi yalipooza darini.
Kitabu nilikinunua mimi, kurasa tisini na sita,
nikaandika majina, nikaacha mistari mingi mitupu
kama anayebandika maji ya ugali
bila kujua wageni ni wangapi.
Hamsini kila Alhamisi. Msiba ukiingia, sufuria na viti.

Sasa Kageha amerudi likizo kutoka Maseno
na elimu ya kuhesabu watu kabla hawajafika.
Ametandaza vizibo vya soda mkekani:
kizibo ni mtu, uzi ni kujuana.
"Mama, kila mmoja akileta mmoja kila mwaka,
mwaka wa tano mko mia mbili ishirini na nne."
Mstari wake unapanda kilima cha Maragoli
bila kupumzika, bila hata kutema mate.

Namwacha amalize. Kisha naondoa kimoja.
Huyu Vugutsa, alihamia Nakuru na deni la mia nne.
Hawa wawili walikosana juu ya firigisi ya kuku
siku ya mahari ya Jerida; hawaketi benchi moja.
Huyu alileta mashemeji watano.
Tulipomnyima uweka hazina, wakaondoka sita.

Kageha anakata nyuzi, anafuta, anaandika upya.
Mkeka umebaki visiwa viwili,
na katikati kizibo kimoja kilichopondeka.
"Na huyu? Hajaleta mtu. Analipa kwa kuchelewa.
Hesabu haimhitaji."

Mtoe, nasema.

Anamtoa. Nyuzi zote zinalegea.
Ni Khasoa, yule anayepita na kikapu cha mrenda,
hapa anaacha fungu, kule anaacha habari
kwamba fulani alikuulizia,
hata kama fulani hakukuulizia.

Kwa muda tunasikia kinu tu.
Kageha anakirudisha taratibu, anapiga fundo mara mbili,
anahesabu kwa kidole, anahesabu tena.
"Kumi na tisa. Kitabu kinasema ishirini.
Mama, wewe uko wapi?"

Natafuta mkekani, chini ya mkeka, kwenye pindo la leso.
Halafu nafungua ngumi:
kizibo kimenichora kiganjani
meno yake yote ishirini na moja.