Mjumbe

Mara ya tatu gari kunizimikia
ilikuwa mlimani, juu ya Llanidloes,
Februari, mvua inapiga kwa ubavu,
na mshale wa geji umelalia sifuri
kama ulivyolala tangu siku nililonunua.
Ndiyo maana sikuuamini
siku tangi lilipokuwa tupu kweli.

Dereva wa lori la maziwa akanipa lita tano
na tabasamu nisiloliomba.
"Spitfire ya sabini na tatu," akasema. "Na wewe je?"
Sitini na mmoja, nikamjibu. Sote tunavuja.

Emrys, mume wangu, akasema: nunua geji mpya.
Nikanunua. Pauni hamsini na mbili.
Nikaifunga nikiwa chali chini ya usukani,
miguu nje ya mlango kama kuku wa sokoni.
Nikawasha swichi:
sifuri mpya, inayong'aa, yenye waranti.

Miaka thelathini na minne
nimeosha vyombo vya maabara ya shule,
nikiwaambia watoto wa watu:
msibadilishe vitu viwili kwa mpigo,
msikilaumu kipimajoto kwa homa.
Mjumbe hauawi, wanasema.
Mimi wangu nilimnyonga
kabla hajamaliza salamu.

Basi Jumapili nikaanza upya, kwa adabu.
Betri: volti kumi na mbili na nusu.
Fyuzi: nzima.
Kile kisanduku nyuma ya dashibodi
kinachopunguza umeme geji isilewe:
taa yangu ya majaribio ikakonyeza,
ikapumzika, ikakonyeza.
Kizima.

Nikahamia kwenye buti.
Nikabandua zulia lenye harufu ya mbwa wa mtu mwingine.
Waya wa kijani, mstari mweusi, umetoka kwenye tangi;
nikauchomoa, nikaugusisha kwenye chuma kitupu.
"Emrys! Tazama mshale!"
Kimya.
Geji za zama zile hazina haraka,
hupanda kama kengeza wa kanisa ngazi za mnara.
Kisha: "Unapanda... Nusu... Nerys, tangi limejaa!"
Tangi halikuwa na hata lita sita.
Nikacheka peke yangu, kichwa ndani ya buti.

Kumbe geji inaona. Kumbe waya unasikia.
Nani basi anayewanong'oneza kutoka humo ndani?

Skrubu sita, moja ikanichuna kidole.
Nikavuta kifaa polepole:
kimkono chembamba, na mwisho wake
boya la shaba, dogo kama yai la njiwa.
Nikalitikisa sikioni.
Chwa. Chwa.

Lilikuwa limekunywa
kile lilichotumwa kukipima.

Sufuria ya maji ya moto, uani,
mbali na jiko (na sigara hiyo, Emrys, zima).
Nikalizamisha. Kwenye mshono wa chini
kiputo. Kingine. Kingine tena,
kutoka kwenye tundu lisilopitisha sindano.

Kadi ya gari ina majina manne kabla ya langu,
wanne walioapa kwamba geji ni mbovu.
Mmoja wao alichoka kuapa:
chini ya tairi la akiba nimekuta kijiti cha mkozeli,
kimechanjwa kwa kisu, moja, mbili, tatu,
na kwenye ya nne mkono uliteleza.
Alikuwa akikichovya tangini, nadhani,
akisoma unyevu kama watu wasomavyo saa,
mpaka akasahau kuwa kuna kitu kimeharibika.

Geji ya zamani nimeirudisha mahali pake,
nimeufuta uso wake kwa mate na pindo la shati.
Mpya imo kwenye boksi. Haikukosa lolote, masikini.
Boya linakauka dirishani, kando ya miwani yangu;
kesho, likishaisha harufu, nitaliziba kwa risasi.
Harufu ya mikono yangu ni kesi nyingine.
Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majani ya chai,
na bado Emrys amebeba sahani yake
hadi mwisho kabisa wa meza,
anakula huku ananitazama.