Kijiti cha Kupimia

Nimekichomoa, nimekipangusa, nimekirudisha,
nimekichomoa tena.
Oili ya gia ina rangi ya kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Ilipaswa kuwa nyekundu
kama shavu la mtoto aliyetoka kuchezea theluji.
Nimeinusa. Haijaungua,
au imeungua kidogo. Nina mafua.

Maili laki mbili na elfu kumi na tisa.
Nimeinunua pikapu hii Jumamosi, huko Calumet,
kwa Helmi, mjane wa Veikko Lampinen,
dola elfu mbili na mia nne,
pamoja na boksi la chupa tupu za jemu
alizokataa kubaki nazo.
"Miaka yote hiyo haikunisumbua," alisema,
na sikujua anasema gari au mume.

Jirani yangu Eino, aliyekuwa fundi wa mashine
mgodini, enzi za shaba,
aliinama, akatazama, akainuka kwa awamu tatu.
Usiiguse, alisema.
Klachi za humo ndani zimelika zamani.
Kinachoshika sasa ni unga wao wenyewe, unaelea.
Ukimwaga uchafu, umemwaga na mshiko.
Shemeji yake alibadilisha Ijumaa;
Jumatatu gari likanguruma palepale
kama mbwa aliyefungwa mnyororo.
Aliyasema hayo kwenye sigara ya tatu.
Daktari alimwambia aache,
akamjibu daktari kwamba lami
ndiyo inayoyashikilia mapafu.

Loretta Trevarrow, kaunta ya vipuri, alicheka.
Oili mpya haiui gia, alisema.
Watu hungoja mpaka gari limeanza kuteleza
ndipo wabadilishe, kama wanaoita padri,
kisha wanamlaumu padri.

Basi niko kati ya hao wawili
na barabara ya kwenda kazini, maili thelathini na nne,
zamu ya usiku, wazee kumi na sita
wa kugeuzwa vitandani kabla hakujapambazuka,
Februari, na pumzi inaganda kwenye skafu.
Wahenga walisema usimwamshe aliyelala.
Wahenga haohao wakasema ziba ufa.
Wahenga hawakuwahi kununua gari la mkononi.

Jana usiku nikafungua kisanduku cha dashibodi.
Daftari. Penseli. Mwandiko wa mtu
asiyependa kupoteza karatasi.
Oili ya injini, kila maili elfu tatu.
Betri. Breki za nyuma.
Siku aliyogonga kulungu, na kulungu akaondoka zake.
Miaka kumi na minane, na neno gia halimo,
mpaka ukurasa wa mwisho, mwezi wa kumi:
*Rivasi inachelewa. Helmi asijue.*

Asubuhi nikaweka rivasi, nikahesabu.
Moja. Mbili.
Ndipo ikashika, na kichwa changu kikarukia mbele.

Kwa hiyo huyu hakulala, Eino.
Alikuwa amefumba macho tu.

Nimenunua galoni moja na filta.
Simwiti mtu wa mashine ya kuisukuma yote nje.
Nitashusha sufuria ya chini, kitoke kinachotoka,
kilichobaki kibaki kimpokee mgeni.

Chini ya gari, mgongo juu ya kadibodi,
bolti kumi na tatu, ya kumi na nne imeota kutu,
oili ikaniingia mkononi hadi kwenye kiwiko,
vuguvugu, nene, bila haraka.
Sumaku ya ndani ilikuwa imeota manyoya ya kijivu.
Nikayasugua kati ya vidole nikitafuta vipande.
Hakuna. Unga tu, laini kama wanja:
kuni zote alizovuta, milima yote ya kwenda kanisani,
kila mara alipojikwamua thelujini
mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Sikuyafuta yote.
Sijui kwa nini. Loretta angenicheka.

Kisha nikawasha, nikaweka rivasi.
Moja.
Ikashika kabla ya mbili, au pamoja na mbili;
nilikuwa nimebana pumzi, hesabu ikanipotea.
Eino dirishani aliinua kikombe,
pongezi au pole, kwa mbali havitofautiani.

Nimeandika chini ya mwandiko wake, kwa penseli yake:
*Gia. Februari. Nusu.*
Helmi sijamwambia.