Kabla ya Kuizima

Mazuti yamebaki kidole kimoja kwenye tangi.
Kavira amepima kwa kijiti, akakipangusa kwenye suruali.
Umeme wa Katindo umekatika tangu saa kumi na mbili.
Usiichomoe, ananiambia. Najua.
Mwaka jana Byamungu alichomoa,
na watoto kumi na tisa waliozaliwa wiki ile
wakawa hawajazaliwa.

Kwanza nafunga mlango wa kuandikia:
manesi wa uzazi warudi kwenye daftari na kalamu, saa moja tu.
Kisha nanakili. Mstari wa kijani unatambaa
kama chukudu la mkaa linalopanda kutoka Sake:
linasimama, unadhani limekufa,
linasogea.

Nakala usiyoifungua ni uvumi.
Naifungua kwenye kompyuta ya pembeni, natafuta jina moja:
Nsimire, kilo tatu na gramu mia, baba hajaandikwa.
Yupo.

Diski naiviringisha kwenye kitenge, nampa Kavira.
Anaishika kwa mikono miwili,
amesimama juu ya jiwe jeusi
lililowahi kuwa moto, likapita mtaa huu
bila kuuliza majina ya mtu.

Sasa naiambia seva: maliza ulilokuwa ukisema, kisha ulale.
Feni zinanyamaza. Jenereta linakohoa nje.
Nahesabu hadi thelathini, ingawa kumi zingetosha.

Nabonyeza.
Taa ya manjano. Manjano.
Kavira anabana kitenge kifuani.
Manjano bado.
Kijani.

Nesi anapaza sauti kutoka wodini:
"Tuandike sasa? Huku wamefika mapacha."