Kadibodi Haikutia Saini

Hakuna aliyetuambia tarehe.
Siku ya kwanza tulitia saini mbele ya Bwana Garrihy
kwamba tutakachokiona kiwandani kitaishia kiwandani,
na kweli, hatukutoa neno.
Lakini kadibodi haikutia saini.

Jumatatu ya pili ya Juni lori lilishusha marobota arobaini,
buluu tupu, bado yananuka wino,
na Concepta, anayekunja upesi kuliko sisi sote,
akahesabu kwa midomo bila sauti:
masanduku mia tatu kwa robota, zamu mbili kwa siku, Jumapili hapana.
"Mwisho wa Agosti," aliniambia chooni, bomba likimwaga.
"Septemba," nikasema. "Disketi hazijafika."
Disketi ishirini na moja kila sanduku!
Mfumo mzima wa kuendesha kompyuta
umekatwakatwa kama mkate wa matanga,
ili mtu wa Lyon au Gdańsk akeshe akiilisha mashine
tonge kwa tonge.

Ng'ambo ya mto Shannon, kwa wale wengine,
sanduku lilikuwa jekundu.
Wifi yangu Dervla alifanya kazi huko,
naye alikuwa na saini yake.
Kila Jumapili tulikutana kwa mama mkwe:
meza moja, kuku mmoja, siri mbili.
Nikamtazama kucha.
Akanitazama kucha.
Zake zilikuwa na wekundu pembeni, ule usiosikia sabuni,
nikajua wameanza.
"Unaonekana umechoka."
"Hata kidogo," akajibu,
akapiga mwayo hadi nikaliona jino la dhahabu.

Limerick nzima ikageuka waaguzi.
Malachy wa teksi alibeba wageni watatu kutoka California,
hawana wake, hawana vijiti vya gofu. "Wiki sita," akatangaza.
Muuza sandwichi alipima kwa mikate ya zamu ya usiku.
Padri alipima kwa viti vitupu.
Kwenye baa ya Hanratty waliweka pesa ndani ya glasi:
buluu kabla ya jekundu, jekundu kabla ya buluu,
na Fintan, fundi wa lifti,
akaweka pauni tano kwamba zote zitachelewa.
"Chungu kuwa mekoni si kuiva," alisema.
Wakamcheka. Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini nani atauza uvumilivu Krismasi?

Agosti ikaja, ikaondoka.
Bwana Garrihy akaingia na boksi la stika nyeupe,
kila moja ndogo kama punje ya mahindi.
Tulibandika stika elfu kumi na nane
juu ya neno Agosti.
Hakutueleza kitu. Hatukuuliza kitu.
Concepta alibandika huku akipiga mluzi.

Jekundu likatoka Jumanne, kwa baluni na mpiga filimbi.
Ijumaa likaitwa nyumbani.
Disketi ya tisa ilikuwa na kasoro:
ukiiingiza, kompyuta inasahau kwamba ina printa,
kisha inasahau tarehe,
kisha inakuuliza jina lako, kwa adabu, tena na tena.
Dervla akakaa wiki tatu akifungua alichokifunga.
Kufungua ni polepole, aliniambia baadaye,
na gundi haina huruma na vidole.

Jumapili ile ukucha wangu ulikuwa na stika,
wake una plasta.
Ndipo tukacheka, mara ya kwanza tangu masika,
hadi mchuzi ukamwagika.
"Nani kashinda?" akauliza.
"Fintan," nikasema.

Mama mkwe, ambaye hajawahi kugusa kompyuta,
alikuwa ameomba masanduku yaliyoharibika:
jekundu la vifungo, buluu la risiti za umeme.
Aliyapangusa vumbi kwa kitambaa.
"Magumu haya, mazuri," akasema. "Mengine yanatoka lini?"

Hatukutoa neno.
Dervla tu ndiye aliyegeuka, polepole, kutafuta mikono yangu.
Nilikuwa nimeshaificha chini ya meza.
Alhamisi lori lilishusha kadibodi ya kijani.