Vigae vya Igombe

Mwalimu Lutobeka alipofundisha Athene
chaki ilikuwa imeisha; alichora kwa kidole
kwenye vumbi la dawati langu:
hapa kilima, hapa soko, hapa bandari.
Nikaona Mwanza. Nani angenilaumu?
Kilima kina mawe, soko lina kelele,
na harufu ya samaki haina kabila.

Mara moja kwa mwaka, akasema,
Wayunani walijiuliza kama yupo mtu aliyeuzidi mji.
Wakisema yupo, waliokota vigae vya vyungu,
wakakwangua jina kwa ncha ya chuma.
Vigae elfu sita. Aliyetajwa zaidi
alipewa siku kumi afunge mizigo,
akae mbali miaka kumi.
Hapigwi. Hanyang'anywi shamba.
Hana hata kosa. Amezidi tu.

Nililijibu hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote.
Kisha ada ikaisha, nikarudi Igombe kuanika dagaa.

Miaka kumi na minne baadaye
sanduku la kikundi chetu lilikuwa na kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu, daftari kwangu.
Mwezi wa Tano ikapungua laki mbili na arobaini,
na kila mtu akamtazama jirani yake
kama anavyotazamwa kongoti akisogelea chanja.

Mimi ndiye niliyesema tupige kura.
Mimi ndiye niliyeleta vigae:
chungu cha mama, kilichopasuka siku ya msiba wake,
nilikuwa nimekiweka, sijui kwa nini.
Nikawasimulia habari za Athene huku nikigawa vipande.
Wakacheka: "Hao nao walikosa karatasi?"
Ng'walu akauliza kama wanawake walipiga kura.
Nikasema hapana. Wala watumwa. Wala wageni.
"Sasa hivyo vyungu, nani alikuwa anapikia?"
Mwalimu hakutufundisha hilo.

Nyamizi, ambaye hajui kusoma,
alinifuata nyuma ya chanja,
kigae kiganjani kama kidonge cha malaria.
"Niandikie."
"Nani?"
"Nyanjige."
Hakunikosea. Ndiye aliyenizalisha mwanangu wa pili.
"Kwani nimeiba?"
"Sijasema umeiba. Ila kila kitu unaandika wewe.
Nikitoa elfu tano, naiona mdomoni mwako tu.
Hata hili, si umeona, nakuja kukuomba wewe."

Wanasema Athene kuna aliyeombwa vivyo hivyo
na mtu asiyemtambua, akaandika jina lake mwenyewe,
akakirudisha kigae bila neno.
Wanamsifu mpaka leo.
Hawasemi mkono wake ulikuwaje.
Wangu uliteleza kwenye J.
Nikawaza: naweza kuandika Ng'walu.
Naweza kuandika jina la mbuzi. Atajuaje?
Na papo hapo nikaelewa anachoogopa.

Nikaandika. Akashukuru.
Akaja mwingine, na mwingine,
wakijipanga kana kwamba nagawa chandarua.

Vigae kumi na viwili vilikuwa na jina langu.
Saba, mwandiko wangu.

Kuna kisima huko Athene, mwalimu alisema
akiwa tayari amekunja kitabu kwapani:
wachimbaji walikuta humo vigae karibu mia mbili,
jina moja vyote, mikono michache tu.
Kengele ikalia kabla hatujauliza ni mikono ya nani.

Fedha hazijaonekana.
Daftari analo Ng'walu, herufi zake kubwa kama punje za mahindi.
Nyamizi hunisalimia, huulizia mtoto.
Naanika peke yangu sasa, upande wa miamba,
na juzi, nikifagia mchanga kabla ya kumwaga dagaa,
nikaokota kimoja: J yangu iliyopinda.
Nikakigeuza.
Upande wa pili bado una masizi ya mama.