Safu ya Tatu

Daftari hili la kurasa mia
nililinunua kwa pesa zangu, halimo hesabuni.
Mimi ndiye mshika fedha wa kamati ya mkondo, Tibirinzi,
watu kumi na mmoja, tisa wanawake,
na nakuandikia, Msellem,
kwa sababu mkutanoni ulisema vizuri mno
hata nikasahau kuuliza.

Ulichora gurudumu ubaoni.
Mapipa sita ya buluu, mbao za mnazi, wavu.
Maji yakijaa linazunguka, yakipwa linazunguka,
chupa zinapanda zenyewe kama watu wa ngazini,
wala halinywi mafuta, ulisema,
bahari ndiyo injini, na bahari haidai mshahara.
Tulipiga makofi. Bi Mkasi alilia kidogo.

Sasa nisomee nami.
Mapipa sita: laki moja na themanini.
Beringi mbili za gari bovu: elfu arubaini.
Fundi wa kuchomelea, ambaye ni mjomba wako:
elfu sabini, kwa bei ya mjomba.
Wavu tuliufuma wenyewe. Mikono haina risiti.

Siku ya kwanza ilikuwa bamvua.
Lilizunguka! Wallahi lilizunguka,
likiguna kama mtu anayetafuta miwani gizani,
likatoa chupa, ndara za mguu mmoja,
vifuko vilivyopigwa marufuku tangu mwanangu hajaota meno,
pempasi zilizovimba kama boflo ndani ya chai,
na kaa wachanga, na vidagaa wakirukaruka humo humo.
Vidagaa tukafanya hatukuviona.

Kisha yakaja maji mafu.
Gurudumu likalala,
na taka zikalipita kando
kama mdeni anavyompita mdai wake, uso kule.
Hili hukulichora.

Lakini silo lililonitia homa.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
taka bila daftari, Msellem, hurudi.
Magunia arubaini na matatu yalikaa ufukweni
yakisubiri mtu aseme yanakwenda wapi.
Lori la kuyafikisha jaani: elfu hamsini, dizeli mbali.
Mnunuzi wa chupa yuko Unguja, anatoa mia mbili kwa kilo.
Meli inataka mia tatu.
Nimepiga hesabu mara tatu, ya mwisho kwa wino mwekundu:
kila kilo tunayouza inatudai mia.
Tukifanikiwa sana, tutafilisika upesi.

Usiku ikanyesha. Magunia manne yakapasuka.
Alfajiri nikaona chupa inashuka mkondoni,
polepole, haina haraka na mtu,
na ubavuni imeandikwa *siki*
kwa mwandiko wangu.
Tulilipa kuitoa.
Kurudi ilirudi bure.

Hamad wa gari la ng'ombe alikuwa anapita, akasimama.
"Mna elfu ngapi?"
Nikamwambia tatu kwa safari.
"Tano. Na majani ya ng'ombe juu yenu."
Safari nane, elfu arubaini, na mafungu ya majani
ambayo Bi Mkasi aliyakata nyuma ya kwake akakataa nisiyaandike.
Nimeyaandika.
Wageni walipokuja na kamera zao walipiga gurudumu,
limesimama, limepakwa rangi.
Ng'ombe hakuna aliyempiga.

Usinielewe vibaya.
Sikukatai wewe wala pipa lako hata moja.
Bamvua ijayo tutalishusha tena majini,
na wavu nimeupanua matundu, kaa wapate kutoka.
Ila ukija na chaki safari hii,
chora na njia ya kwenda jaani, na mashimo yake.
Chora siku za maji mafu.
Chora ng'ombe, mpe na tumbo.

Daftari lilikuwa na safu mbili:
Kilichoingia. Kilichotoka.
Nimepiga mstari, nikaongeza ya tatu,
Kilichorudi,
na chini yake, mpaka sasa, kuna jambo moja tu:
chupa ya siki, moja. Yangu.