Nilichotoa

Umezungusha glasi, umenusa, umeniuliza
nimetia nini humu.
Sikutia kitu, bwana. Uliza nilichotoa.

Hapa Solai hakuna baridi ya kuulaza mzabibu.
Ukiuacha, utazaa mwaka mzima kama mtu mwenye homa,
zabibu za maji, utamu wa juu juu.
Basi Februari nashika makasi
nakata mpaka mti unafanana na kuni.
Naubembeleza kwa chuma.

Kiptanui, jirani, ana udongo mweusi kule bondeni,
mahindi yanamzidi kimo.
Alinihurumia niliponunua mteremko huu wa kokoto na jivu la mlima.
Sikumjibu. Mzizi ulioshiba hausafiri.

Vichala vilipofikia ukubwa wa njegere
nilikata kimoja katika kila viwili, nikaangusha chini.
Mama mkwe, aliyeiona njaa ya themanini na nne,
akaokota zile mbichi kwa leso, analia:
"Wanjugu, mwanangu ameoa kichaa."
Jioni akazichemsha na sukari.
Hazikulika.

Kuzumburu wakachukua fungu lao.
Mvua ya mawe, Alhamisi moja, safu nne za juu.
Hizo sikuzitoa mimi, lakini hesabu.

Tulivuna saa kumi alfajiri, tochi kichwani,
kabla jua halijazipasha moto.
Nilikuwa nimetafuna kokwa: kahawia, zinavunjika kama njugu. Ndipo.
Mezani Akoth alichambua moja moja;
kidole chake hujua uozo kabla ya jicho.

Siku kumi na moja chachu ilinong'ona
kama mvua kwenye mabati ya mbali.
Nililala kando ya pipa. Joto likizidi, harufu yote hutoroka,
kwa hiyo nalivika magunia yaliyoloa, navua, navika tena.
Stima ilipotea mara mbili.
Nilimwomba Mungu, nikawatukana watu wa stima,
sikumbuki kipi kilitangulia.

Halafu kazi iliyonishinda kidogo: kutogusa.
Miezi kumi na minne.
Karo inadaiwa, pipa limejaa, mikono mfukoni.

Unasema mwishoni ina ukavu fulani.
Inao.

Mama mkwe alionja kijiko kimoja,
akakaa kimya, akakirudisha kijiko kikiwa safi.
Msamaha hajaniomba mpaka leo.

Chupa ni elfu mbili na mia tano.
Hapana, bwana, sipunguzi.
Nimeshapunguza.